Mwalimu Hearn na ukiwa wa ugenini

Mwalimu anapopewa barua ya kumpeleka shule iliyo mbali na kwao, aghalabu jamaa zake humuuliza habari za nyumba, maji na barabara. Ni nadra kumsikia mtu akimuuliza atakaaje jioni, baada ya kengele ya mwisho kulia, wanafunzi wakaenda makwao naye akabaki hana kwao pa kwenda. Swali hilo limenirudisha katika maisha ya Lafcadio Hearn, mwalimu wa Kiingereza aliyefariki Japani mwaka 1904 baada ya kuishi huko miaka 14.

Wapo wanaomsifu Hearn kuwa ni mgeni aliyeipenda Japani hata akageuka Mjapani mtupu, ukiwa wa ugenini usimguse. Kwa maoni yangu sifa hiyo inamwonea. Huyu alikuwa mtu aliyetamani kwao maisha yake yote, na taabu yake ni kwamba hakupata kujua kwao ni wapi.

Alizaliwa Juni 27, 1850, katika kisiwa cha Lefkada huko Ugiriki. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza, mzaliwa wa Ireland. Mama yake, Rosa, alikuwa Mgiriki. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka miwili alipelekwa Dublin pamoja na mama yake. Rosa hakuiweza baridi ya huko, wala lugha, wala wakwe. Mwaka 1854 alirudi Ugiriki, ndoa ikavunjwa, na mwanawe hakumwona tena mpaka kufa. Akalelewa na shangazi mkubwa wa babake, mwanamke mwenye mali, ambaye baadaye alifilisika. Alipokuwa na miaka 16 aliumia katika mchezo shuleni, jicho la kushoto likapofuka. Tazama picha zake, msomaji: karibu zote ameugeuza uso ili upande huo usionekane.

Mwaka 1869 alitumwa Marekani akiwa fukara. Huko Cincinnati alikuwa mwandishi wa habari, na mwaka 1874 akamwoa Alethea Foley, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani, ilhali sheria ya jimbo hilo ilikataza ndoa ya namna hiyo. Gazeti lake lilimfukuza kwa sababu hiyo. Ingekuwa vyema kama habari ingeishia hapo, tumpongeze kwa ujasiri; lakini ndoa haikudumu, naye akaenda zake New Orleans na kumwacha bibi huyo nyuma. Kuondoka kwa mama yake kulimuuma kila siku, na bado yeye mwenyewe alijua kuondoka. Kutoka New Orleans alikwenda kisiwa cha Martinique, na Aprili 1890 akateremka bandarini Yokohama ili kuandika makala kwa ajili ya jarida moja la Marekani. Muda si muda alivunja mkataba huo. Akabaki hana kazi katika nchi asiyoijua lugha yake. Ndivyo alivyoingia katika ualimu: kwa kukosa chakula, wala si kwa wito.

Japani ya wakati huo ilikuwa imewaajiri wageni wengi wafundishe sayansi, sheria, uhandisi na lugha. Hearn alipelekwa Matsue, mji mdogo kando ya ziwa Shinji, kwa mshahara wa yen 100 kwa mwezi, fedha nyingi mno kwa mwalimu mwenyeji. Hapo ndipo alipopata furaha. Kila alfajiri aliamshwa na kishindo cha mchi ukitwanga mpunga, naye akakifananisha na mapigo ya moyo wa nchi yenyewe. Kisha zilifuata sauti za watu wakipiga makofi kulisalimu jua. Shuleni, mwalimu mkuu Nishida Sentaro alikuwa rafiki yake na mkalimani wake. Hearn aliwapa vijana insha kuhusu mambo waliyoyaona kila siku, akazisahihisha kwa subira, na jioni vijana hao walikwenda nyumbani kwake wakakaa kimya wakimtazama, kisha wakaaga kwa adabu. Baadhi yao walikufa wangali wanafunzi, naye aliwaandikia kumbukumbu ambazo mwalimu yeyote aliyewahi kumzika mwanafunzi wake atazielewa bila maelezo.

Baridi ya Januari 1891 ilimwangusha kitandani. Ndipo Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai uliokuwa umefilisika baada ya mageuzi ya 1868, alipokuja kumtunza nyumbani kwake, na hatimaye wakawa mume na mke. Yeye hakujua Kiingereza, naye mume Kijapani chake kilikuwa cha kuokoteza. Wakajitungia lugha yao ya nyumbani, Kijapani kilichovunjwa sarufi, ambacho hawakukielewa vizuri ila wao. Kwa lugha hiyo Setsu alimsimulia mumewe ngano za mizimu, na kutokana nazo kikazaliwa kitabu cha Kwaidan kilichotoka mwaka 1904. Sisi walimu wa lugha, wepesi wa kuchora wino mwekundu kila penye kosa, hapo tuna la kufikiri.

Novemba 1891 alihamia Kumamoto, katika kisiwa cha Kyushu. Sababu zilikuwa mbili tu: joto, na mshahara uliokuwa maradufu, maana sasa alikuwa akiwalisha jamaa za mkewe pia. Mji huo ulikuwa umeteketea katika vita vya 1877, ukajengwa upya bila uzuri, umejaa askari. Wanafunzi walikuwa watu wazima zaidi, wakimya, wasiomzoea mwalimu. Chumbani mwa walimu hakuna aliyesema naye ila kwa salamu. Wakati wa mapumziko alipanda kilima kilicho nyuma ya shule, akaketi makaburini karibu na sanamu ya jiwe ya Buddha, akiyatazama majengo ya shule kutoka juu mpaka saa ya kipindi ifike. Mwalimu mtu mzima, mwenye mke nyumbani na mshahara mnono, anakula upweke wake makaburini! Barua alizomwandikia rafiki yake Chamberlain siku hizo zimejaa malalamiko, na baadhi yake hayana haki hata kidogo: leo anawalaani Wajapani wote, kesho anajuta. Lakini mimi naziamini kuliko kurasa zake tamu za Matsue. Tumbo nalo lilikuwa limemsaliti. Chakula cha kienyeji alichokisifu vitabuni kilimdhoofisha, akarudia nyama na mayai.

Fauka ya hayo, alikuwa na neno la kuwaambia vijana wa Kumamoto. Januari 1894 aliwahutubia juu ya mustakabali wa Mashariki, akawasihi wasiuache unyofu wa maisha ya wazee wao kwa kukimbilia anasa za Magharibi. Mgeni kuwahimiza wenyeji wabaki kama walivyo ni jambo la kutiliwa shaka, nasi tumewahi kulisikia kwa wageni wetu wenyewe. Hata hivyo, yeye alisema hivyo akiwa ameujaribu umaskini wa miji ya Magharibi kwa tumbo lake, akalala njaa Cincinnati.

Mtoto wake wa kwanza, Kazuo, alizaliwa Novemba 1893. Hapo ukiwa ukapata mshindani, nao ni wajibu. Kama angemwandikisha Setsu kwa sheria ya Uingereza, mke na watoto wangekuwa raia wa kigeni na kupoteza haki ya kumiliki mali katika nchi yao wenyewe. Basi mwaka 1896 akauacha uraia wake, akaingia katika ukoo wa mkewe na kuitwa Koizumi Yakumo, jina lenye maana ya mawingu manane. Wanaosema kuwa alifanya hivyo kwa mapenzi tu na Japani wanasahau suala la urithi.

Mwaka huohuo alianza kufundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Alisema polepole, kwa maneno mepesi, ili wanafunzi waweze kuandika kila sentensi. Ndiyo maana mihadhara yake iliweza kuchapishwa baada ya kifo chake kutoka katika madaftari yao. Machi 1903 kazi hiyo ilikwisha. Chuo kilikuwa kikiwaweka wasomi wenyeji mahali pa wageni, na Hearn, mwenye mshahara wa mgeni na uraia wa mwenyeji, hakuwa na pa kusimama. Wanafunzi waligoma kunyamaza, wakamtetea, lakini haikufaa kitu.

Miongoni mwa waliochukua vipindi vyake alikuwa Natsume Soseki. Kijana huyo alikuwa ametoka London mwezi Januari, alikopelekwa na serikali mwaka 1900 kusoma Kiingereza. Huko alijifungia chumbani kwa upweke mpaka uvumi ukafika Tokyo kwamba amerukwa na akili. Mjapani aliyeugua ugeni Uingereza akaketi katika kiti cha aliyeugua ugeni Japani, na wanafunzi hawakumkaribisha vizuri. Walimtaka Hearn.

Mwaka 1904 Hearn alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Waseda, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuchoka. Asubuhi ya Septemba 26 alimweleza Setsu ndoto aliyoiota usiku: alikuwa amesafiri safari ndefu hadi nchi ya mbali, ambayo haikuwa Ulaya wala haikuwa Japani. Jioni ya siku hiyo alifariki, akiwa na miaka 54, akazikwa katika makaburi ya Zoshigaya jijini Tokyo. Soseki naye alipofariki mwaka 1916 alizikwa papo hapo.