Abu Rayhan al-Biruni na Suala la Ardhi Kuzunguka

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ufukweni mwa Ziwa Nyanza mwaka 1901, mahali palipoitwa kwanza Port Florence na baadaye Kisumu. Kwa njia hiyo watu wengi wa pwani walifika huko kwa biashara na kazi, na vizazi vyao wapo hata leo. Mji huo uko karibu kabisa na khatti ya istiwai, yaani ikweta, ambayo hupita Maseno, kaskazini-magharibi yake. Nasi twajua kuwa juu ya khatti hiyo ardhi, katika kuzunguka kwake, huenda mbio kuliko mahali pengine popote: kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa moja. Basi mbona nyumba za Maseno hazing'oki, na maji ya ziwa hayarushwi angani?

Watu wengi kabla yetu walitaabishwa na suala la namna hii. Miongoni mwa walioliangalia kwa insafu ni mwanachuoni mkubwa wa falaki na hisabu, ambaye yafaa vijana wetu wamjue kama wawajuavyo wafalme na mashujaa.

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni alizaliwa kando ya mji wa Kath, katika nchi ya Khwarizm, ambayo leo sehemu yake imo Uzbekistan. Ilikuwa mwezi wa Mfunguo Tatu, mwaka 362 Hijra (973). Alisomeshwa na Abu Nasr Mansur bin Iraq, aliyekuwa wa ukoo wa watawala na hodari wa handasa. Alipokuwa na umri wa kiasi cha miaka 17 alikwisha kupima kimo cha jua ili ajue mahali pa mji wao katika ardhi. Mwaka 385 (995) vita viliuangusha ukoo ule, na kijana Biruni akalazimika kukimbia.

Dhiki haikumkatiza na elimu. Mwaka 387 (997) alipatana na Abu al-Wafa, aliyekuwa Baghdad, waangalie kupatwa kwa mwezi usiku mmoja, kila mmoja katika mji wake. Kwa kulinganisha saa zao walijua miji hiyo imeachana kwa kadiri gani, mashariki na magharibi. Kisha alikaa Jurjan kwa Amir Qabus, akatunga kitabu juu ya tarehe za mataifa, ndipo akarejea Khwarizm. Mwaka 408 (1017) Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka nchi hiyo, akamchukua Biruni pamoja na wanavyuoni wengine. Kwa sababu hiyo akapata kufika Bara Hindi, akajifunza Kisanskriti, na akaandika juu ya dini na elimu za Wahindi bila ya kuwazulia wala kuwadharau.

Huko, katika ngome ya Nandana, ambayo leo imo Pakistani, alipima urefu wa mlima, kisha akapanda juu yake akapima upeo wa macho umeinama kwa kiasi gani. Kwa pembe hiyo moja ndogo alitoa ukubwa wa ardhi yote, na hisabu yake ilikaribia sana ile ijulikanayo leo. Na mwenye kuujua mzingo wa ardhi aweza kuzijua mbio zake, lau inazunguka: augawe kwa saa 24.

Zama zile alikuwako Abu Said al-Sijzi, aliyetengeneza astrolabu iitwayo zawraqi, maana yake ya mashua, kwa kufuata rai ya kwamba iendayo ni ardhi, si mbingu. Wengi walikuwa upande wa Batlamiyus, aliyesema kuwa lau ardhi ingezunguka, mawingu na ndege wangeachwa nyuma. Biruni hakumtukana Sijzi wala hakumkufurisha. Alikisifu chombo chake, na akakiri kuwa hisabu za falaki husimama sawa kwa rai zote mbili, na kwamba utata ule ni mgumu kuutatua. Hata hivyo, katika kitabu chake kikubwa, al-Qanun al-Masudi, alibaki na kauli ya kuwa ardhi imetulia.

Leo twajua kuwa ardhi huzunguka. Lililokosekana zama zile lilikuwa kanuni ya mwendo wa duara. Chukua kombeo lenye jiwe ulizungushe. Jiwe lataka kwenda njia iliyonyoka, na kamba ndiyo ilivutayo ndani kila nukta. Ukiliachia, haliendi kwa kuukimbia mkono wako, bali hushika njia iliyonyoka, kule lilikokuwa likielekea wakati ule ule. Ndivyo yarukavyo matope ya gurudumu la baiskeli. Na abiria katika pindi za reli iteremkayo kutoka Mau kwenda Kisumu hudhani anasukumwa nje, ilhali ni mwili wake utakao kunyoka na gari linalopinda. Kwa hivyo mafundi huinua kidogo chuma cha upande wa nje wa pindi.

Mwaka 1659 Christiaan Huygens wa Uholanzi alipata kadiri yake. Mbio zikizidi mara mbili, mvuto unaohitajika huzidi mara nne. Na duara likipanuka mara mbili kwa mbio zile zile, mvuto huo hupungua nusu. Hii ndiyo siri ya Maseno. Mbio ni kubwa, lakini duara ni kubwa mno, maana kutoka kati ya ardhi hadi istiwai ni kilomita 6,378. Basi mvuto unaohitajika ni kama sehemu moja tu katika 290 za uzito wetu. Mtu wa kilo 70 hupunguziwa kwa mzunguko huo kiasi cha robo kilo, wala hahisi. Ili arushwe, ingebidi ardhi izunguke mara 17 zaidi ya sasa, usiku na mchana viishe kwa muda usiotimia saa moja na nusu. Mwaka 1672 Jean Richer aliona saa yake ya timazi, iliyokuwa sawa Paris, ikichelewa Cayenne, karibu na istiwai, kiasi cha dakika mbili na nusu kwa siku. Na mwaka 1687 Newton alilieleza jambo hilo kwa mzunguko wa ardhi na kutuna kwake katikati.

Biruni alifariki Ghazna, yasemwa mwaka 440 (1048). Imesimuliwa kuwa faqihi mmoja alimzuru naye yu katika kukata roho, akamwuliza mas-ala ya mirathi. Yule akamwonea huruma, lakini Biruni akaona ni bora kuiaga dunia hali akiyajua kuliko kuiaga hayajui. Faqihi akamfundisha, na alipotoka, kabla hajafika mbali, akasikia kilio.

Enyi ndugu, wako kati yetu wamkatazao kijana elimu hii kwa kuhofia dini yake, na wako waipokeao kwa kuwa tu imetoka Ulaya. Wote wawili wamefuata bila ya kupima. Biruni alikosa katika jambo hili moja, wala hakukosa katika njia: alipima, akasikiliza hoja ya mpinzani wake, na akauacha mlango wazi kwa atakayekuja na dalili. Mwenyezi Mungu amrehemu, naye atujaalie kuifuata njia hiyo.