Aniceti Kitereza: kitabu cha mapenzi kilichosubiri miaka 35



Mtu tunayemkumbuka katika ukurasa huu hakuzaliwa Isingiro, wala Karagwe, wala Kyerwa. Alizaliwa upande wa pili wa Ziwa Viktoria na akazikwa huko. Hata hivyo ujana wake aliutumia katika mkoa wetu, na lugha aliyoiandikia ni ndugu wa Kinyambo chetu. Ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, mtunzi wa kitabu kirefu cha mapenzi ya mume na mke. Alikimaliza mwaka 1945, kikachapwa mwaka 1980.

Mimi ni mhasibu, si mwalimu wa fasihi. Nitaeleza maisha yake kwa kufuata mahali alipopita, kisha nieleze kwa nini nimeona yanafaa kusomwa katika kijarida cha kuchangishana.

Mjukuu wa Mukama

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Babu yake alikuwa Mukama Machunda. Cheo hicho hakihitaji kufafanuliwa kwetu, maana Karagwe nayo ilitawaliwa na Abakama tangu enzi za kina Ruhinda hadi Rumanyika na waliomfuata. Masimulizi ya Wakerewe wenyewe yanasema kwamba ukoo wao wa kitawala, Wasilanga, ulivuka ziwa ukitokea Ihangiro. Kwa hiyo kijana huyu alipokuja Kagera kusoma, alikuwa anarudi walikotoka wazee wake.

Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alikulia Ukerewe miongoni mwa jamaa zake wa kitawala, akiwasikiliza wazee waliozijua desturi za zamani kabla hazijachanganyika na mambo ya wageni. Masikio hayo ya utotoni ndiyo yaliyokuja kumpa kitabu.

Rubya

Alianza shule kwa Mapadre Weupe katika misheni ya Kagunguli, Ukerewe. Kutoka hapo akapelekwa seminari ya Rubya, Ihangiro, katika wilaya ambayo leo ni Muleba. Ni seminari hiyo hiyo iliyokuja kumlea Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Kitereza alikaa Rubya takriban miaka 10, akajifunza Kilatini na Kijerumani pamoja na masomo ya dini. Alikuwa huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliposhambulia Bukoba mwaka 1915 na utawala wa Wajerumani ukaanza kufikia mwisho.

Ukikaa miaka 10 kati ya Wahaya ukiwa Mkerewe, unagundua jambo ambalo kila Mnyambo aliyesoma Bukoba analijua: mnaelewana, lakini si lugha moja. Neno ni lile lile, sauti imegeuka kidogo. Anayeishi katika hali hiyo huanza kuisikia lugha ya mama yake upya, kama mtu anayeitazama nyumba yake kutoka kilima cha jirani.

Upadre hakuufikia. Mwaka 1919 aliondoka seminari, na mwaka huo huo akamwoa Anna Katura.

Mwanza na Kagunguli

Baada ya ndoa alifanya kazi upande wa Mwanza katika biashara ya Mwitaliano, hadi Vita Kuu ya Pili ilipoikatiza. Akarudi Kagunguli, akaishi karibu na misheni akifanya kazi za kutafsiri na kukusanya historia, hadithi na methali za Wakerewe.

Nyumbani kwake kulikuwa na huzuni. Yeye na Anna walizaa, lakini watoto wao hawakuishi. Tunajua sisi wenyewe mtu wa namna hiyo anavyosemwa na ndugu zake. Angeshauriwa kuoa mke wa pili, au kumrudisha wa kwanza kwao. Kitereza hakufanya hivyo. Alibaki na Anna.

Hapo ndipo kitabu chake kilipotoka. Padre Almas Simard, Mkanada, alimhimiza aandike mambo ya kale ya Wakerewe yasije yakapotea. Kitereza hakuandika orodha ya mila. Aliandika hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wawili wanaopendana wasiojaliwa mtoto.

Kilichomo ndani

Ndugu wa mume wanamsema vibaya Bugonoka kwa ugumba, na wazazi wake kwa uchungu wanamchukua binti yao. Myombekere anabaki katika nyumba isiyo na moto jikoni. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Kwa hiyo anaitengeneza: ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa, pombe inachachuka, inabebwa hadi ukweni. Mwandishi haruki hatua. Msomaji wa Isingiro, ambako rubisi haijakosekana kwenye posa wala kwenye usuluhishi, atasoma kurasa hizo kama mtu anayekagua kazi ya jirani na kuona kama amekosea mahali.

Mapenzi ya kitabu hiki hayamo katika maneno matamu. Yamo katika kutembea kwa miguu kwenda ukweni huku watu wanakutazama, katika kukubali faini, katika kumtafuta mganga pamoja badala ya kutupiana lawama. Hatimaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali. Anayejua Kinyambo hahitaji kamusi kuyafumbua majina hayo. La kwanza ni la mtu anayeishi na kifo kila siku. La pili linauliza huzuni itaisha lini. Ni majina ya wazazi waliosubiri sana. Aliyeyachagua alikuwa mzazi ambaye subira yake haikulipwa.

Pembeni mwa hadithi kuna kila kitu: kulima, kuvua, kujenga, kutibu, kuamkiana, kugawana nyama, kuzika. Kwa hiyo kitabu cha mapenzi kikawa pia ghala la maisha ya watu wa ziwa kabla ya ukoloni.

Miaka 35

Muswada ulikamilika mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakuna aliyekuwa tayari kuuchapa. Padre Simard alitaka kuutafsiri kwa Kifaransa, lakini akafariki kabla ya kazi kukamilika. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili Wamarekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, walifika Ukerewe wakamkuta mzee na makaratasi yake. Ikaonekana kwamba njia iliyobaki ni Kiswahili. Kitereza, akiwa na zaidi ya miaka 70, akakaa chini na kukitafsiri kitabu chake mwenyewe.

Tanzania Publishing House ikakichapa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Toleo lina mwaka 1980 na kurasa zaidi ya 600. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Baadaye kitabu kilisafiri kuliko mwenyewe. Kilitafsiriwa kwa Kijerumani katika miaka ya 1990, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake kutoka Ukerewe, akakitoa kwa Kiingereza kupitia Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Msomaji wa Ujerumani leo anaweza kujua jinsi mkwe wa Kikerewe anavyolipa faini. Mtunzi hakupata kukifungua kitabu chake.

Hesabu iliyokosekana

Ni rahisi kuwalaumu wachapishaji. Kwa kazi yangu siwezi. Mchapishaji huhesabu wanunuzi kabla ya kununua karatasi, na wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kosa ni kudhani kwamba hesabu ya faida ndiyo hesabu pekee. Yapo mambo ambayo hayatarudisha fedha kamwe, na bado ni lazima yalipiwe, na yalipiwe mapema. Mambo hayo hayana mfadhili mwingine zaidi ya wenyewe. Kama Wakerewe waliokuwa na mishahara miaka ile wangechanga, hata kidogo kidogo, mzee wao angeshika kitabu chake akiwa na nguvu za kuandika cha pili.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Kinyambo kina wazee wanaojua hadithi, majina ya vilima na maana zake, dawa, taratibu za ndoa na mambo ya Abakama wa Karagwe. Hakuna kampuni itakayowafuata Isingiro kwa sababu ya faida. Watoto wetu wa mijini wanaelewa salamu tu, na baadhi hata salamu hawazijibu. Kila msiba tunaorudi kuzika tunaacha kaburini kitu ambacho hatukukiandika.

Miradi ya mwaka huu imeorodheshwa katika kurasa zinazofuata, pamoja na fomu ya ahadi. Ninaomba mambo mawili. La kwanza, ahadi ilipwe ndani ya mwaka. Mchango unaochelewa hupungua thamani, na wakati mwingine humkuta mlengwa hayupo tena. La pili, kila atakayerudi nyumbani mwezi Desemba akae jioni moja na mzee wa kwao, aweke simu mezani, arekodi. Hilo halihitaji harambee.

Kitereza alikuwa na karatasi, kalamu na mke aliyempenda, na kwa hivyo vitatu akahifadhi ulimwengu mzima. Alichokosa ni watu wa kwao wa kulipia uchapaji. Wazee wa Isingiro wasikose watu hao, nasi tupo.