Abeid Amani Karume: Mjumbe wa Ng'ambo

Abeid Amani Karume (1905–1972) hukumbukwa zaidi kwa Mapinduzi ya Januari 1964, na ujumbe wake katika Baraza la Kutunga Sheria hutajwa kwa kupita tu. Hata hivyo, ni sanduku la kura lililompa uhalali wake wa kwanza.

Alikuwa baharia, kisha kiongozi wa wenye mashua za abiria bandarini Unguja. Julai 1957, katika uchaguzi wa kwanza visiwani, aligombea kiti cha Ng'ambo. Wapinzani walipinga ustahiki wake mahakamani, wakidai kwamba asili yake ni Nyasaland. Mahakama haikukubaliana nao. Akapata kura 3,328 dhidi ya 918 za Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa Hizbu. Hivyo, mtu wa upande wa pili wa Darajani akavuka kwenda kuketi barazani Mji Mkongwe.

Ushindi huo haukujirudia kwa chama chake. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa kuwa wafuasi wake walirundikana katika majimbo machache. Yaelekea hapo ndipo imani yake katika sanduku ilipopasuka.

Alipokuwa Rais hakulirudisha. Baraza la Mapinduzi lilishika pia utungaji wa sheria. Alipouawa Kisiwandui, tarehe 7 Aprili 1972, Ng'ambo ilikuwa haijamchagua mjumbe tangu 1963. Baraza la Wawakilishi lilianza 1980.