Swema, binti wa Kiyao aliyepitia Kilwa

Msikilizaji wetu wa Miteja, leo watu huenda Kilwa Kivinje kwa matibabu, biashara au kuwaona ndugu. Katikati ya miaka ya 1860, misafara kutoka bara iliishia pale ikiwa na watu wa kuuzwa. Mmoja wao alikuwa Swema, binti mdogo wa Kiyao.

Masaibu yake yalianza na deni. Baba yake aliuawa na simba, kisha nzige wakala mazao. Mama akakopa nafaka kwa jirani, akashindwa kulipa. Mdai akamchukua Swema, akamuuza kwa wenye msafara ili apate kitambaa cha amerikani. Mama hakukubali kuachana na mwanawe. Akajitoa naye awe mtumwa. Njiani nguvu zikamwishia, akaachwa afe.

Kutoka Kilwa, Swema alivushwa kwa jahazi hadi Zanzibar akiwa mgonjwa hoi. Kwa kuwa asingeuzika, alizikwa angali hai katika kaburi la kina kifupi. Kijana mmoja wa kisiwa cha Réunion alimfukua, akampeleka misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1860. Huko masista waliotoka Réunion walimuuguza mpaka akapona.

Wasichana wengi waliolelewa na masista hao walikuwa wamekombolewa utumwani. Walijifunza dini, kushona, kufua na kulima. Wakifikia umri, wengi waliozwa kwa vijana wa misheni. Hawakuwa watumwa tena, lakini hawakuwa na kwao pa kurudi, na mambo mengi ya maisha yao waliamuliwa na wengine. Swema alichagua njia nyingine: alibatizwa Madeleine, akawa sista. Inasimuliwa kuwa aliwahi kumuuguza mtu yuleyule aliyemtesa.

Habari zake ziliandikwa na padri Anton Horner, zikachapishwa Paris mwaka 1870 ili kuchangisha misaada. Kwa hiyo tunamsikia Swema kupitia kalamu ya mtu mwingine, mwenye shabaha yake.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Ukifika Bagamoyo, nyumba ya zamani ya masista, iliyojengwa 1876, sasa ni makumbusho. Wasichana waliopita katika nyumba kama hizo ni wengi, na majina yao hayajulikani. La Swema tunalo. Tuwasimulie watoto wetu, na tukumbuke kwamba safari yake ilianza na deni la nafaka.