Peter Mitchell: Mtafiti aliyefichua siri ya nishati ya seli akiwa nje ya chuo

WENGI walimpuuza Peter Mitchell alipodai, mnamo 1961, kwamba siri ya nishati ya viumbe imo katika utando mwembamba wa ndani ya seli. Miaka 17 baadaye, alitunukiwa peke yake Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Mitchell alizaliwa Septemba 29, 1920, Mitcham, karibu na London. Alisomea Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akahamia Edinburgh, Scotland, mnamo 1955.

Enzi hizo ilijulikana kuwa seli hutumia molekuli iitwayo ATP kama sarafu ya kulipia kazi zake. Kitendawili kilikuwa jinsi sarafu hiyo inavyoundwa. Wataalamu walisaka kemikali ya kati isiyopatikana kamwe. Mitchell alishikilia kuwa haipo: seli husukuma protoni upande mmoja wa utando, zikalimbikana mithili ya maji ya bwawa, na zinaporejea kwa nguvu ndipo ATP huundwa.

Mnamo 1963 vidonda vya tumbo vilimlazimu kujiuzulu. Hakukata tamaa. Alikarabati jumba kuukuu la Glynn, karibu na Bodmin, Cornwall, akaligeuza kuwa maabara. Humo alishirikiana na Jennifer Moyle, mwenzake wa tangu Cambridge, pamoja na wasaidizi wachache.

Ushahidi mzito ulitoka kwa mimea. Mnamo 1966, Andre Jagendorf na Ernest Uribe, nchini Marekani, walitia viwiti, yaani vijisehemu vya kijani vya majani, katika asidi, kisha wakavihamishia katika alkali gizani. ATP ikaundwa pasipo mwanga wowote.

Mitchell pia alieleza jinsi molekuli zinavyopishana utandoni, moja ikiingia huku nyingine ikitoka. Ndivyo ATP inavyotoka katika mitokondria za mmea: haipenyi yenyewe, bali protini maalumu huitoa na kuingiza ADP, iliyokwisha kutumika, ili ijazwe upya. Viwiti vya majani yaliyokomaa navyo hutoa nishati hasa kupitia molekuli ndogo za sukari.

Tuzo ya 1978 ilihitimisha ubishi wa miaka mingi. Mitchell alifariki Aprili 10, 1992, akiwa na umri wa miaka 71. Wazo lililobezwa sasa hufundishwa kwa kila mwanafunzi wa biolojia.