Edward Saidi Tingatinga na Jamaa Zake



Kamati ya mkutano wetu wa hapa New Hope imenipa heshima ya kuandika kurasa hizi, ambazo kwa desturi hueleza maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kututangulia mbele ya haki. Mara hii nimeombwa jambo mahususi. Tunaye binti katika ukoo, nisiyemtaja jina kwa kuwa hapendi kutajwa, ambaye huoka keki na mkate wa mayai jikoni mwake na kuwauzia majirani, kama sheria ya Minnesota ya mwaka 2015 inavyomruhusu aliyejiandikisha. Binti huyo ndiye pia mtungaji wa mashairi ya harusi zetu, na usiku, watoto wakisha kulala, hushika brashi akachora. Wazee kadhaa wamemwuliza, kwa mapenzi lakini mara nyingi mno, ni lipi kati ya hayo matatu atakalolishika, huku wakimkumbusha habari za mshika mawili. Nikaagizwa nitafute mtu aliyeishi maisha ya mgawanyo wa namna hiyo, tuone yalimfikisha wapi.

Ningeweza kumweleza Cyprien Ragueneau, mwokaji wa Paris katika karne ya 17, aliyeupenda ushairi kiasi cha kuwalisha washairi kwa mkopo hata duka lake likafilisika, naye akatiwa gerezani kwa madeni. Alimalizia siku zake katika kundi la waigizaji la Molière, akafariki huko Lyon mwaka 1654. Dunia humkumbuka zaidi kwa sababu Edmond Rostand alimtia katika mchezo wake wa Cyrano de Bergerac mwaka 1897. Kisa hicho ni kizuri, ila kinatoka mbali, na sidhani kinafaa kumtia moyo mtu anayeuza keki. Nimeona afadhali nitafute karibu na nyumbani.

Edward Saidi Tingatinga hakuwa mwokaji wala mshairi. Lakini alikuwa mkulima, kibarua, mtumishi wa nyumbani, mpiga muziki, mchuuzi na mchoraji, na katika shughuli hizo hakuna iliyomtosha peke yake. Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho siku hizi huitwa Nakapanya, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika, upande wa mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida. Mama alikuwa Mmakua na Mkristo; baba alikuwa Mngindo na Mwislamu. Ndiyo maana jina la Edward na jina la Saidi yameketi pamoja bila kugombana. Katika ukoo wetu mambo hayo si mageni.

Elimu yake ya darasani haikwenda mbali. Mwaka 1957 aliondoka kwao akaenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya vijana wengi wa kusini. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ilitoka mbali, kwa wale watu wa mkataba walioitwa manamba, kwa kuwa kwenye daftari la shamba mtu alikuwa namba kwanza na jina baadaye. Aliyewahi kuona jani la mkonge na mwiba ulio nchani mwake hatashangaa kwamba Tingatinga hakukaa huko muda mrefu. Mwaka 1959 alifika Dar es Salaam, akapata kazi kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akitunza nyumba na bustani. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 kazi hiyo ikamalizika. Tangu hapo aliishi kama wanavyoishi wengi mjini, kwa kibarua cha leo na biashara ndogo ya kesho, na muziki pamoja na watu wa kwao.

Sasa tufike Oysterbay. Wakati wa ukoloni mtaa huo ulikuwa wa Wazungu, na baada ya uhuru ukawa wa wakubwa wa serikali, mabalozi na wataalamu wa kigeni, wengi wao kutoka nchi za Skandinavia. Mahali palipo na wageni wenye fedha, wachuuzi hawakosekani. Miongoni mwao walikuwamo wachoraji wa Kikongo waliouza picha zao mjini, na Tingatinga alizitazama. Mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka 36, hana mwalimu wala shule ya sanaa, alianza kuchora mwenyewe.

Hapa naomba tukae kidogo, maana vifaa vyake vinaeleza mengi. Hakuwa na kitambaa cha kuchorea wala rangi za mafuta zinazouzwa katika vijichupa vya wasanii. Alitumia hadibodi, ule ubao mwembamba wa unyuzi wa miti ulioshindiliwa, ambao mafundi huutumia kwa dari. Hadibodi huuzwa kwa karatasi ya futi 4 kwa futi 8. Mwenye kuikata bila kupoteza hata kipande hupata vipande 8 vya mraba, kila kimoja futi 2 kwa 2, yaani sentimita 60 hivi. Ukiona picha ya asili ya mtindo huu ni ya mraba, jua kwamba umbo hilo lilitokana na hesabu ya mfuko. Rangi nayo ilikuwa ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo hung'aa na haififii upesi, lakini hukauka polepole, na haikubali kuchanganywa juu ya ubao kabla haijakauka. Kwa hiyo mchoraji hana budi kupaka usuli kwanza, rangi moja, angoje. Kisha apake mwili wa mnyama, angoje tena. Ndipo aweke madoa, macho na makucha. Mipaka mikali na rangi safi zisizofifishana, mambo ambayo wageni walidhani ni fumbo la Afrika, kwa sehemu kubwa ni adabu aliyofundishwa na mkebe wa rangi.

Nasema kwa sehemu kubwa, kwa maana kifaa peke yake hakichori. Wako wataalamu wanaoamini kwamba alibeba kumbukumbu ya michoro ya kuta za nyumba za Wamakua, na wako wanaokataa. Mimi nilizozitazama sana ni picha zenyewe. Picha zake mwenyewe ni tulivu kuliko za waliomfuata: mara nyingi huwa na mnyama mmoja tu, chui au ndege au fisi, katika usuli mtupu, akimtazama mtu kana kwamba ndiye mwenye nyumba. Msongamano wa twiga, tembo na vipepeo mnaoujua ulikuja baadaye.

Mwaka 1970 alioana na Agatha Mataka. Mkewe aliuza matunda na mboga nje ya Morogoro Stores, katika barabara ya Haile Selassie huko Oysterbay, na picha za mume zikawekwa papo hapo, kando ya nyanya na machungwa. Wateja waliofuata mboga waliondoka na chui. Naomba jambo hilo lisipitwe haraka, kwa sababu vitabu vingi vya sanaa hulitaja kama kichekesho. Kwangu mimi ndilo kiini cha habari. Biashara ya mke ndiyo iliyoleta watu, na bila watu hao picha zingebaki uvunguni mwa kitanda. Kwa wakati huo Tingatinga alikuwa pia na ajira katika hospitali ya Muhimbili, na alichora baada ya kazi. Hakuacha mshahara kwa sababu ya picha, wala hakuacha picha kwa sababu ya mshahara.

Picha zilipoanza kutakiwa kuliko alivyoweza kuzitoa, aliwaita jamaa zake. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Abdallah Ajaba na Simon Mpata, wengi wao watu wa kwao na wa damu yake. Hapakuwa na ada wala cheti. Mtu alikuja mjini, akapewa mahali pa kulala, akaketi kando ya mwenye kujua mpaka naye akajua. Ninyi mliofikia katika vyumba vya chini vya nyumba za binamu zenu hapa Minnesota, mkafundishwa kuendesha gari na mtu aliyewatangulia kwa miezi sita tu, hamhitaji nieleze zaidi.

Kisha ikaja mwaka 1972. Tingatinga alikuwa ndani ya gari usiku mjini Dar es Salaam, polisi wakadhani ni wahalifu wanaokimbia, wakafyatua risasi. Alifariki akiwa na umri wa miaka 40, baada ya kuchora kwa miaka 4 tu. Hakuwa mhalifu. Wazazi mnaoishi huku mnajua kwa nini nimeiandika habari hii bila kuipamba. George Floyd aliuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, na Daunte Wright tarehe 11 Aprili 2021 huko Brooklyn Center, mji ulio karibu mno na ukumbi tutakaokutania. Vijana wetu wakiuliza kama mambo hayo hutokea nyumbani pia, wajibiwe kweli.

Angekuwa amefanya kazi peke yake, nadhani habari yake ingeishia kaburini. Lakini jamaa zake hawakutawanyika. Walibaki pale pale Morogoro Stores, wakaunda ushirika mdogo kwa jina lake, wakawafundisha ndugu wengine, na mwaka 1990 wakasajili Chama cha Ushirika cha Sanaa cha Tingatinga. Daudi, mwana wa Edward, naye alishika brashi. Simon Mpata alikwenda Nairobi, akafariki mwaka 1984, na baada ya hapo Wajapani walizipenda picha zake kiasi cha kuipa hoteli moja ya Maasai Mara jina la Mpata Safari Club. Jina la ukoo wa Tunduru likawa jina la mtindo mzima. Kwa Kiswahili cha kila siku tingatinga ni trekta, na watoto wetu wengi hudhani picha ziliitwa hivyo kwa sababu hiyo. Waambiwe kwamba lilikuwa jina la mtu.

Hapana budi niseme pia upande usiopendeza. Wapo wanaoidharau sanaa hii na kuiita biashara ya watalii, kwa kuwa picha moja hurudiwa mara mia. Hawakosei kabisa, nimeona simba waliochorwa kwa usingizi. Wapo tena walioghushi sahihi yake juu ya mbao ambazo hakuzigusa, kwa sababu picha zake halisi sasa hutafutwa na makumbusho na matajiri, ilhali yeye aliziuza kwa shilingi chache. Lakini lawama ya kwamba alichora ili auze siipokei. Hakulificha jambo hilo, na mchuuzi wa mboga aliyekuwa kando yake hakulaumiwa na mtu kwa kutaka kuuza mchicha.

Nimeulizwa na wazee jibu langu kwa binti yetu. Sikupata katika maisha ya Tingatinga siku ambayo alichagua. Nilichopata ni meza moja yenye machungwa na chui, mke mwenye akili ya biashara, na chumba kilichojaa binamu wanaongoja rangi ikauke. Nadhani wazee wangefanya vyema kumwuliza binti anahitaji nani wa kumsaidia kubeba trei za keki siku ya Jumamosi.

Jambo la mwisho ni ombi. Jamaa wengi mna picha za mtindo huu kutani. Zisizochorwa kwenye hadibodi si kazi ya mkono wa Edward mwenyewe, lakini si kitu. Karibu kila picha ina jina la mchoraji katika pembe ya chini. Lisomeni jina hilo, mliandike pamoja na mwaka mlioinunua na mahali, mniletee ukumbini. Nitakaa karibu na meza ya chai, nami nitakuwa na daftari.