Ferdinand Porsche na Gari la Mgongo wa Kobe
Kila ipitapo Volkswagen kuukuu, ile yenye mgongo wa kobe, wanafunzi wangu huishangilia. Mimi humkumbuka msanifu wake. Ferdinand Porsche, mwana wa mfua bati, alizaliwa Bohemia mwaka 1875. Mwaka 1934, kwa matakwa ya Hitler, alipewa kazi ya kusanifu gari la bei nafuu. Raia waliolilipia kidogo kidogo hawakulipata: vita vilizuka, na kiwandani maelfu ya mateka wakatumikishwa kwa nguvu. Wafaransa walimfunga mwaka 1945, wakamwachilia 1947 bila hukumu. Akafa 1951. Mwaka 1962 gari hilo lilishinda Safari Rally hapa kwetu. Hayo wanafunzi wanayajua. Habari za mateka sijasikia aziulizaye, nami huwasimulia hata hivyo.